Flashi Mbele ya Fataki

Usiku wa tarehe 31 Desemba, ukingoni mwa Basoko, pale Aruwimi inapoingia mto Kongo, wapiga picha huwahi kuliko fataki zenyewe. Simu juu, flashi zawaka. Mwanga wa flashi ya simu hufika mita chache tu, lakini kaka yetu mmoja ameazimia kummulikia Mungu mawingu yake. Anachopata ni kisogo cha mama aliyesimama mbele, kinang'aa kuliko mwezi. Mshauri azime flashi, aegemeze simu kwenye mtumbwi uliopandishwa nchi kavu, aiache lenzi wazi sekunde mbili tatu. Atakuuliza ulisomea wapi. Giza nalo si haba. Hata Kisangani, pamoja na bwawa lake la umeme la Tshopo, wanalijua vizuri.

Wazee waliokuwa Kisangani Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita mjini, hawainui simu. Wakisikia mlipuko, hutaka kwanza kujua umetoka upande gani. Vijana huwacheka: papa, umekosa picha!

Saa sita ikifika, vijana wenyewe hawana betri. Imekwisha kwa kupiga picha za watu wanaosubiri.