Namna ya Kumuuzia Mgeni Aliyepanga Foleni ya Sukari

Msimu ukifunguka Diani, ndege za kukodi hutua Mombasa zimejaa Wapolandi. Vijana wa ufuoni, ambao baba zao walijifunza Kijerumani kwa kuuza shanga, siku hizi wanasalimu "dzień dobry" na kutaja bei nzuri kwa lafudhi ya Warsaw. Salamu hizo mtu hujifunza kwa asubuhi moja. Kumuuzia kitu mtu aliyelelewa na ujamaa, kisha akauzika, kunataka elimu zaidi. Hatua ni hizi.

1. Kadiria umri kabla ya kusalimu. Mgeni mwenye mvi ni mali. Kwao sukari ilianza kutolewa kwa kadi mwaka 1976, nyama ikafuata 1981, na kadi za nyama zikaondolewa 1989, mwaka uleule wa uchaguzi wa Juni uliowatikisa wakomunisti. Kulikuwa na watu waliolipwa kusimama foleni kwa niaba ya wengine. Foleni za samani na mashine za kufulia zilikuwa na kamati na daftari, majina yakiitwa kila mara, na asiyeitika akifutwa. Mtu wa mafunzo hayo hatishwi na bei. Anatishwa na kuambiwa kimeisha.

Aliyezaliwa baada ya 1990 ni shauri jingine. Huyo amekulia supamaketi, na kinyago chako ameshakiona kwenye simu kwa nusu ya bei. Mpe dafu, mpige picha na mbega, mwache aende zake.

2. Kajifunze uhaba Vanga. Sisi wa upande huu hatuujui vizuri, maana Kenya duka lilikuwa limejaa hata pale mfuko wako ulipokuwa mtupu. Kwa hiyo panda matatu hadi Lunga Lunga, kisha uteremke mpaka Vanga, umtafute bibi yeyote mwenye ndugu Tanga, nao ni karibu wote. Mwamkie vizuri, keti, usiwe na haraka.

Atakueleza kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka Februari 1977, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mikoko haikuletewa barua. Kule ng'ambo sabuni ilikuwa habari, na ndugu ni ndugu. Atakueleza pia mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipowasaka wahujumu uchumi, na jinsi mtu aliyekuwa na mche wa ziada wa sabuni alivyolala akiuwaza. Kisha akaja Rais Mwinyi, wakamwita Mzee Ruksa, na mitumba ikamwagika mpaka Horohoro.

Somo lenyewe ni fupi. Mteja wa zama zile haanzi na bei. Anaanza na "kipo?", anafuata na "vimebaki vingapi?", halafu ananunua hata asichokihitaji, kwa sababu atakibadilisha na jirani. Basi tandika leso yako, uweke kinyago kimoja tu. Vile vingine kumi na vinane vikae guniani, chini ya mwarobaini, na mwenzako avikalie kama mtu anayepumzika.

3. Jina aandike mwenyewe. Ukiwa unachonga vibao vya kuning'inizia funguo vyenye majina, usitegemee sikio. Utasikia "Gzhegosh" na utachonga hivyohivyo, kumbe huandikwa Grzegorz, herufi nane na nyingi ni konsonanti zilizobanana. Mpe kalamu na karatasi. Toza kwa kibao, usitoze kwa herufi, vinginevyo utaonekana unabagua taifa zima. Alama zile ndogo juu ya herufi mchongee bure. Hakuna muuzaji mwingine duniani aliyewahi kumfanyia hisani hiyo, na rafiki zake wanne watafika kabla ya saa sita.

4. Uelewe ukuta wa hoteli. Utamwona mgeni ana bangili ya plastiki mkononi. Hiyo ndiyo kadi yake. Alilipa kila kitu kwao kabla ya kupanda ndege, na sasa ndani ya ua hakuna mtu anayeshika fedha. Chakula ni kimoja kwa wote, kila mtu anakula anavyohitaji, bia haina bei, daktari yuko, burudani hupangwa na kamati, na saa mbili asubuhi kuna foleni tulivu mbele ya mpishi wa mayai. Asiye mwanachama anazuiwa langoni na askari.

Kwa maneno mengine, ujamaa uliokwama Warsaw, ukachoka Dodoma, umefaulu Diani, tena kwa wiki mbili mfululizo. Watu waliouangusha wanausafiria kwa saa nyingi angani na kuulipia kwa hiari. Soko huria waliloota mwaka 1989 nalo wamelikuta huku: ni wewe, juani, nje ya mpaka wa hoteli, na ushindani usio na kikomo kutoka kwa binamu yako.

5. Fuata maji. Mwenye bangili hatembei na pochi, wala ndani huingii. Lakini maji yakipwa wageni hutoka kwenda kuangalia nyota za bahari miambani, na huko askari hafiki kwa kuogopa kulowesha viatu. Biashara yote ya Diani hufanyika hapo, kwa makubaliano. Mgeni anachagua miguu ikiwa majini, pesa anazichukua chumbani, mnakutana jioni kwenye mnazi mliokubaliana. Ukikosa kujua ratiba ya bamvua na maji mafu, tafuta kazi nyingine.

6. Jiandae kwa swali la mwisho. Akishalipa, mzee yule atakuuliza kama Kenya nayo ilipata kuwa na ujamaa. Usiseme hapana. Mwaka 1965 Serikali ilitoa Waraka wa Bunge nambari 10, uliotangaza ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake ulishauri fedha za maendeleo zianze kwenda penye mvua, ardhi nzuri, barabara na reli, kwa kuwa huko zingezaa haraka, na mazao yake yaje yagawiwe kwingine baadaye.

Mweleze kwamba Kwale yetu hii ni huko kwingine, na kwamba baadaye bado tunaingoja. Atakuelewa mara moja kuliko mbunge wako. Atataka kujua tu ni nani anayeshika daftari la majina. Mwonyeshe upande wa Nairobi, kisha umtajie bei ya kinyago cha pili.