Safi, Mkavu na Unaovalika

Kanuni za trafiki za Kenya zina kifungu kimoja ambacho naapa kiliandikwa na mama. Kinamtaka mwenye gari la abiria ahakikishe kuwa mikanda ya usalama ni safi, ni mikavu na inavalika. Ni maneno yale yale ambayo mama yangu aliyatumia kuhusu sweta ya shule, tena akiwa ameshika mwiko.

Kifungu hicho kilikuja na kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilizotangazwa mwaka wa 2003 na kuanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Wengi wanakumbuka sehemu zake nyingine: abiria 14, mstari wa manjano, mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, sare ya dereva na ya makanga. Sisi wa Kinoo tunazikumbuka kwa miguu. Matatu zisizo na mikanda zilibaki nyumbani, na kutoka kwetu hadi katikati ya jiji la Nairobi ni kama kilomita 15. Mikanda ilipopatikana hatimaye, abiria waliishika kwa vidole viwili, wakaitundika begani bila kuifunga, kisha wakaiachilia polisi alipobaki nyuma.

Siku hizi kutofunga mkanda ni faini ya shilingi 500, na kwenye gari letu dogo lililotoka Japani hatuhitaji hata kutishwa na faini. Kuna kengele inayolia, na kuna mwanamke fulani ndani ya redio anayetusalimu kwa Kijapani kila asubuhi, kwa sauti ya upole inayomfanya kila mtu akae wima. Mikanda yetu haijawahi kukosa kufungwa. Shida yake ni nyingine. Nimekaa nayo muda wa kutosha kujua kuwa haiharibiwi na watu wabaya. Inaharibiwa na wapenda usafi, mafundi wenye bidii, na watu wanaowapenda watoto.

Nianze na wapenda usafi. Mwanangu wa miaka minne alimwaga uji wa wimbi kwenye mkanda wa nyuma, wote, kuanzia begani hadi kiunoni. Kijana anayetuoshea gari kando ya barabara ni mtu wa dini katika kazi yake. Hawezi kuliona doa akalala usingizi. "Madam, hiyo niachie," akaniambia, akatoa dawa ya madoa, ile ya kufulia shuka nyeupe. Alisugua mpaka mkanda ukabadilika rangi, akausifu, akauachilia ukajikunja ndani ya nguzo ya mlango ukiwa bado unachuruzika.

Baada ya hapo gari lilianza kunuka. Si uji tena, ila chumba ambacho hakijafunguliwa tangu mwenyewe ahame. Jumapili moja dada yangu alikaa hapo akiwa na blauzi nyeupe, akashuka kanisani na mstari wa kijivu uliokatiza kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto. Mama mmoja wa chama cha akina mama alimtazama kwa muda, kisha akamuuliza kwa heshima kama hiyo ni sare mpya na inauzwa wapi.

Harufu na blauzi ni madogo. Mkanda umefumwa kwa maelfu ya nyuzi za poliesta, na dawa kali za madoa huzila nyuzi hizo polepole bila jicho kuona. Mkanda unaweza kung'aa kama mpya ilhali nguvu zimeshatoka, nayo maji yanayobaki ndani hualika ukungu na kutu kwenye mtambo unaouvuta. Kuuosha inavyofaa ni kazi ya kuchosha kwa wepesi wake: vuta mkanda wote nje, ubane kwa kibanio cha nguo usirudi, tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida kidogo, pangusa kwa kitambaa kufuata mfumo wa nyuzi, ondoa sabuni kwa kitambaa chenye maji safi, kisha acha milango wazi ukauke kivulini. Kinoo mwezi wa Julai shughuli hiyo huhitaji subira ya ziada, kwa sababu jua letu la Julai ni la kuonyeshana tu.

Ukiona kingo zimechanika au zimeota manyoya, mkanda huo hautengenezwi, hubadilishwa. Nilimweleza hivyo fundi cherehani wa mtaa wetu, aliyekuwa amekwisha kuvaa miwani. "Nitapiga zigzagi mbili," akasema, "hata wewe utasahau ilipokatika." Sindano ya cherehani hutoboa na kukata nyuzi zile zile inazodai kuziunga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nataka uzi mweusi au wa kijivu. Nilipokwenda Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, mikanda iliyotumika ilikuwepo ya kila rangi. Tatizo la mkanda uliotumika ni kwamba hauwezi kukusimulia maisha yake. Mkanda uliowahi kushika mtu katika ajali kubwa umekwisha kunyooshwa, na kwenye magari mengi ya kisasa kile kifaa chenye baruti ndogo kinachoukaza gari linapogonga hulipuka mara moja tu, kikastaafu.

Kisha kuna fundi wa viti. Baba watoto alitaka viti vivalishwe ngozi ya bandia yenye mshono mwekundu, na kazi ilikuwa safi kiasi cha kumfanya jirani aje kuipapasa. Tulipotaka kumfunga mtoto, vifungio vyote vitatu vya nyuma vilikuwa vimetoweka. Nilimpigia fundi simu. "Nimevilaza chini, madam," akajibu kwa fahari, "vilikuwa vinaharibu shepu." Alikuwa amevishonea humo, vimelala salama kuliko abiria yeyote.

Tulipopasua ngozi tulivipata, pamoja na karanga, hereni moja, kipande cha chapati cha zama zilizopita, na shilingi moja ambayo naamini ilikuwa sadaka. Kifungio kimoja kilikuwa kimemeza shilingi nyingine, hakisikii wala hakijibu. Baba watoto akaja na mafuta ya injini, dawa yake ya kila kitu kuanzia bawaba hadi cherehani. Hapo nilisimama mbele ya kifungio na kukikinga kwa mwili. Mafuta hukusanya vumbi, na vumbi letu likichanganyika na mafuta hugeuka lami. Uchafu hutolewa kwa kupuliziwa hewa au kufyonzwa na mashine ya vumbi. Kile cha kiti cha mtoto, kama kijitabu chake kinaruhusu, husuuzwa kwa maji ya uvuguvugu. Kinachotafutwa ni mlio: ulimi wa chuma ukiingia lazima useme "ka!" Usiposema, hujafunga, hata kama umeingia wote.

Mkanda wenyewe nao una tabia zake. Ploti nyingi za Kinoo zimeketi kwenye mteremko, na asubuhi moja gari lililala hapo pua ikiangalia bondeni. Baba watoto alivuta mkanda, ukakataa. Akavuta kwa hasira, ukakataa zaidi. Mlinzi akaja kusaidia, kisha jirani wa ghorofa ya pili akatoa ushauri akiwa kwenye roshani, kisha mtu aliyekuwa anapita tu akasema gari za Japani huwa zinafunga zenyewe zikidaiwa. Kumbe ndani ya mtambo ule kuna kitu kidogo, mara nyingi kijipira cha chuma, kinachohama gari likisimama ghafla au likiinama sana, nacho hufunga mkanda usitoke. Pia mkanda hujifunga ukivutwa kwa kishindo. Kwa hiyo baba watoto aliyekuwa akivuta kwa nguvu na mteremko uliokuwa chini yake walikuwa wanauambia mkanda jambo moja: ajali imeingia, shikilia! Katika watu wote waliokusanyika pale, mkanda ndio pekee uliokuwa ukifanya kazi yake. Gari lilipohamishiwa mahali tambarare ulitoka wenyewe, bila kinyongo.

Tangu siku hiyo tunaupima hivi: tukiwa tumesimama mahali tambarare, tunauvuta kwa ghafla, na lazima ukatae, tunauachilia, na lazima urudi wote bila kusukumwa. Unaokubali kila kitu ndio wa kuogopwa.

Lakini anayenipa kazi kuliko wote ni mama mkwe wangu, shosho wa huyo mwanangu, mwanamke ambaye upendo wake hupimwa kwa idadi ya masweta. Julai ikifika na ukungu wa Limuru ukateremka hadi kwetu, mtoto huvalishwa fulana, sweta, sweta nyingine, jaketi nene na mzula, ndipo hufungwa kwenye kiti chake cha gari. Anakuwa mviringo. Mikanda ya kiti inakaza, ulimi unasema "ka!", na kila mtu anaridhika.

Nilimwomba aangalie jambo. Nilimfungua mtoto, nikamvua jaketi, nikamrudisha kitini bila kugusa urefu wa mikanda. Pale kifuani palibaki nafasi ya kupitisha mkungu wa ndizi. Jaketi nene hujaa hewa, na gari likigonga hewa hiyo husinyaa kwa kufumba na kufumbua, mtoto akabaki akiogelea ndani ya mikanda. Ukijaribu kuufinya mkanda begani na ukafinyika ukafanya kikunjo, bado umelegea.

Shosho aliangalia, akafikiri. "Mimi nilibeba watoto saba mkononi kutoka Limuru," akasema, "na hakuna hata mmoja niliyemwangusha."

"Ni kweli, Mama. Lakini gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo kumi huvutwa mbele kwa nguvu inayokaribia ya kilo 300. Hakuna mkono unaoshika hizo."

"Basi mwambie mume wako aendeshe polepole."

Hakuna mhandisi aliyewahi kujibiwa vizuri hivyo. Tulikubaliana hatimaye kwamba mtoto afungwe akiwa na sweta moja, kisha jaketi livaliwe kinyumenyume juu ya mikanda, mikono ikiingia kwa mbele, na blanketi juu yake. Shosho alipomwona amefunikwa hadi kidevuni alipata amani, na mtoto akafika kila mahali amelala.

Kiti chenyewe kina hadithi yake. Cha kwanza tuliletewa na shangazi wa mtoto kutoka Uingereza, zawadi ya upendo mtupu iliyokuwa imelea binamu kadhaa. Chini yake, kwenye plastiki, palikuwa na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyopita zamani. Plastiki huchoka kwa joto na baridi, watengenezaji wengi huipa miaka sita hadi kumi, na hakuna aliyekumbuka kama kile kiti kilikuwa garini siku ile gari la shangazi lilipogongwa. Hakirudishwi barabarani kiti cha namna hiyo. Hivi sasa kiko sebuleni, mbele ya televisheni, na guka, babu yake, ndiye anayekigombania na mtoto. Kiti kipya tunakitunza kwa kufuata kijitabu: kitambaa kinafuliwa, lakini mikanda yake hupanguswa tu, hailowekwi wala haiingii kwenye mashine.

Sifa nyingi za haya yote zimwendee Nils Bohlin wa Volvo, aliyebuni mkanda wa pointi tatu mwaka wa 1959, na kampuni yake ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Kabla ya hapo Bohlin alikuwa Saab, akishughulikia viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege. Mtu aliyeanza kwa kuwatoa watu nje akamalizia kwa kuwazuia wasitoke, nadhani angeelewana vizuri na mwanangu, ambaye kwa mafunzo yote haya amegeuka mkaguzi.

Juzi gari lilikuwa kwa fundi, tukapanda matatu ya kwenda mjini.

"Pakata mtoto, madam," makanga akasema.

"Mkanda wangu uko wapi?" mtoto akauliza.

"Wewe ni wa kupakatwa, bosi."

"Mkanda wa kupakatwa uko wapi?"

Swali hilo halina jibu, kwa hiyo nikalipia viti viwili, na makanga akanitazama kama mtu aliyeokota pesa. Mkanda ulipatikana chini ya kiti. Ulikuwa wa kiunoni tu, si sawa na kiti chake cha nyumbani, lakini ni bora kuliko paja langu. Mkaguzi aliuinua. "Mchafu," akatangaza. Akaupapasa. "Mkavu." Akaufunga, ukasema "ka!" Akageuka nyuma kuangalia abiria wengine, mmoja mmoja, kwa macho ya mwalimu wa zamu.

Kufika Kangemi, matatu nzima ilikuwa inatafuta mikanda. Mzee mmoja wa kofia, baada ya kuhangaika sana, alipata ulimi, akapata kifungio, akafunga kwa nguvu na kushusha pumzi.

"Mzee," mama aliyekaa kando yake akamwambia taratibu, "hapo umejifunga kwangu."

Makanga akapiga bati mara mbili. "Dere, twende polepole! Huku nyuma watu wamefunga ndoa!"