Ukuta Ulitoka Jasho

Kabla sijaeleza ilikuwaje ami wa chini akapanda ngazi zetu saa sita ya usiku, kitambaa cha suti ya bwana harusi kikimchuruzika maji mkononi, yafaa niseme kwamba usiku ule nilikuwa mtulivu kuliko siku zote za maisha yangu.

Kazi yangu kutembeza wageni. Asubuhi Darajani, jioni Forodhani, na mara mojamoja nawapeleka Paje na Jambiani, ambako siku hizi huendi minazi kumi hujaona kibao cha yoga. Mgeni mmoja mtu mzima aliniachia kijitabu cha Zeni, njia ya Kibudha ya kutafakari, badala ya bakshishi. (Mke wangu hajamsamehe mpaka leo.) Nikakisoma njia nzima ya kurudi mjini.

Humo alitajwa Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki 2022 akiwa na miaka 95. Alifundisha kwamba ukiosha vyombo, osha vyombo. Usioshe huku moyo umeshatangulia kwenye chai. Nikaona hili naliweza. Usiku, baada ya chakula, nikamwambia mke wangu akae, leo naosha mimi. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Nikaosha sahani mojamoja, nikilitazama povu, nikiusikiliza ubaridi wa maji vidoleni. Mfereji niliuacha wazi muda wote, maana kuufunga na kuufungua kulikuwa kunanikata utulivu. Sahani sita, sufuria mbili na kikaango cha samaki vilinichukua karibu saa nzima. Nilipofika kwenye mwiko, mfereji ukakohoa mara mbili ukanyamaza.

Mtaani kwetu, ndani ya Mji Mkongwe, maji huja usiku, tena hayana nguvu ya kupanda ghorofa ya tatu. Huvutwa kwa mota mpaka kwenye tangi la lita 1,000 juu ya paa, ambayo ni tani nzima ya maji juu ya vichwa vyetu. Asiyewasha mota hana maji asubuhi.

“Umelimaliza tangi kwa sahani sita,” akasema mke wangu. “Basi leo mota yako. Maji yakija uwashe, likijaa uzime. Mie nalala.”

Maji yakaja saa nne na nusu. Nikawasha. Tangi huchukua kama saa moja kujaa, nikaona saa hiyo nisiipoteze. Zazeni, yaani ule ukaaji wa Zeni, haitaki mengi: mto, mgongo wima, na kwa njia ya Soto, ambayo mtawa Dogen aliipeleka Japani karne ya 13, uso uelekee ukutani. Mto wa usufi ninao. Ukuta pia ninao, mnene, wa mawe ya matumbawe na chokaa. Nikakunja miguu, nikaanza kuhesabu pumzi.

Kijitabu kilisema mawazo yakija yaache yapite kama mawingu, na sauti ikija isikie, usiifuate. Likaja wazo la ada ya skuli, likapita. Akaja mbu, akapita kwa shida. Kisha ikaja sauti ya maji. Kwanza ti, ti, ti, halafu chururu, kama mvua ya vuli inayoanza juu ya bati. Nikaisikia, sikuifuata. Nakiri niliiona nzuri mno.

Mbele ya macho yangu, shubiri moja chini ya boriti, chokaa ikaanza kugeuka rangi. Doa likaja dogo kama sarafu, likawa kama kisahani, kisha kama sahani ya pilau, kingo zake za kahawia. Matone madogo yakachomoza, ukuta ukatoka jasho. Ganda la chokaa likavimba polepole, likapasuka katikati, kipande kikanidondokea gotini. Tangu sehemu ya jumba la Beit el-Ajaib iporomoke Disemba 2020, hakuna mtu mjini kwetu anayesikia chokaa ikidondoka akaendelea kukaa. Mimi nilikaa.

Nyumba hizi hazikujengewa matangi. Dari zake ni boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa; na kwa kuwa boriti haizidi sana mita 3, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu vyembamba kama jahazi. Chokaa hunywa maji, ikipata upepo ikayatoa. Lakini ukiilowesha kila mara, maji hushuka mpaka ncha ya boriti iliyozama ukutani, pasipofika jicho, na huko mti huoza kimyakimya. UNESCO imetuweka kwenye urithi wa dunia tangu 2000, na kwa rai yangu, katika kuulinda urithi huo, bahari tunaiogopa bure. Tungeanza kuyaogopa matangi.

“Hodi! Enyi wa juu! Kwenu kuna maiti anaoshwa?”

Ndiye ami, fundi cherehani. Mama akatoka chumbani amejitanda kanga, mke wangu nyuma yake.

“Ulikuwa umelala?” Mama akaniuliza.

“Nilikuwa macho, mama.”

“Maji uliyasikia?”

“Niliyasikia.”

“Ukafanyaje?”

“Niliyaacha yapite.”

“Yamepita,” akasema ami, akikinyanyua kile kitambaa.

Mke wangu alikuwa keshazima mota. Mama akautazama ukuta, akanitazama na mimi. “Swala tano unazisali mbio kama unafukuzwa. Usiku unakaa saa nzima kuukodolea macho ukuta, na ukuta wenyewe hukuuona.” Nilitaka kumwambia kwamba nilichokuwa nakitafuta ni jamaa ya khushuu, ule utulivu wa moyo ndani ya swala, ila ami bado alikuwa amesimama mlangoni.

Asubuhi fundi akapanda juu, akazibua bomba la kumwagia maji ya ziada, lililojaa manyoya ya njiwa, akadunga boriti kwa bisibisi. Mbili zimekula maji. Akatukataza saruji, maana hufungia unyevu ndani. Ni chokaa tu, nayo isubiri ukuta ukauke. Kitambaa cha bwana harusi nikakilipa mimi.

Mchana nikamkuta Mama anapeta mchele, nikajaribu kuirudisha heshima yangu. Nikamwambia Dogen huyohuyo mwaka 1237 aliandika kitabu kizima kwa ajili ya mpishi wa watawa. Nikamsimulia na kile kisa cha mpishi wa China aliyeulizwa: unatoa mchanga kwenye mchele, au mchele kwenye mchanga? Akajibu anavitoa vyote kwa pamoja. Akaulizwa, sasa watawa watakula nini? Akakipindua chombo.

Mama akasita kupeta. “Kaumwaga mchele?”

“Kaumwaga.”

“Nani kaokota?”

Kijitabu changu hakikusema. Mama akanisukumia ungo, akaenda zake kukuna nazi. Nikachagua mchele ule punje kwa punje, nikiwa mtulivu kabisa.

Tulipokaa kula sote tukasikia: kru. Mama akaacha kutafuna. Akatia vidole viwili mdomoni, akalitoa jiwe, akaliweka ukingoni mwa sinia, upande wangu.