Mchanga na Mtoto Mchanga

Neno mchanga limepewa katika Kiswahili kazi mbili ambazo, kwa watu wengi na kwa siku nyingi za mwaka, hazina sababu ya kukutana, kwani kwanza ni jina la zile chembe ndogo za mawe na makombe zilizotandaa ufukweni, na pili ni sifa ya mtoto ambaye angali ananyonya, asiyekaa wala kutambaa. Sarufi huzitenganisha maana hizo kwa upatanisho wa ngeli, hata mtu akisema "mchanga umelala" huwa anazungumzia ufuo, na akisema "mchanga amelala" huwa anazungumzia mtoto, ila kauli ya kwanza ni kweli saa zote 24 na ya pili, kwa ushahidi utakaotolewa hapa chini, ni kweli kwa nadra. Familia inayochunguzwa katika insha hii, yenye baba, mama, kifungua mimba (yaani mtoto wa kwanza) wa miaka miwili na nusu, na mdogo wake wa miezi mitano, ilisafiri kutoka Nairobi hadi Diani mwezi Desemba kwa siku sita, ikiamini kwamba michanga hiyo miwili ingewezekana kuwekwa mbalimbali.

Neno likizo lenyewe lilitosha kuwa onyo. Kitenzi likiza, ukifungua kamusi, ni kumpa mtu ruhusa ya kupumzika kazini, lakini pia ni kumwachisha mtoto ziwa, jambo linaloonyesha kwamba wahenga waliolitumia neno hilo walijua vizuri ni nani hasa anayehitaji mapumziko na ni lini huyapata. Kwa maana hiyo kali, mama wa familia hii, ambaye mwanawe alinyonya kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, hakuwa ameanza likizo hata pale alipokuwa amejinyoosha chini ya mvinje akitazama Bahari ya Hindi. Baba hakuwa na udhuru wowote wa kikamusi.

Mizigo ilikuwa vipande 11, na ndani yake mlikuwa na kigari cha kusukuma, kitanda cha kukunja, beseni la kuogea, nepi 80 na kilo 2 za unga wa uji wa wimbi, kana kwamba Kaunti ya Kwale haijapata kuuona wimbi. Kabla ya kupanda treni ya SGR, ambayo tangu mwaka 2017 huwafikisha abiria Mombasa kwa muda wa takribani saa tano, mizigo hupangwa chini kwa mstari ili mbwa waliofunzwa wainuse, na ilikuwa katika hatua hiyo, mbwa aliposita mbele ya begi lenye nepi iliyobadilishwa ndani ya teksi, ambapo kifungua mimba alimweleza askari kilichomo, kwa sauti iliyosikika mwisho wa foleni na kwa neno ambalo kamusi hulitaja bila kuona haya. Kivuko cha Likoni kilipitwa bila tukio, kwa kuwa watoto wote wawili walikuwa wamelala, na wazazi, kwa kuogopa kuwaamsha, walivuka bila kusemezana.

Ratiba ilikuwa imeandaliwa mapema. Mtoto mchanga angelala saa 4 asubuhi, na saa hiyo hiyo baba angemfundisha kifungua mimba kuogelea. Mpango huo uliwasilishwa kwa mzee aliyeitunza nyumba waliyopanga, ambaye wazazi walimwamkia kwa shikamoo na ambaye kifungua mimba, mtoto wa Nairobi, alimwambia "Sasa!", naye akaitikia "Marahaba, mjukuu wangu," kama aliyeamkiwa ipasavyo. Kisha akamgeukia baba. "Mwanangu, saa 4 utaogelea mchangani. Maji yatakuwa yamekupwa."

Kupwa ni kule maji ya bahari kurudi nyuma, na kujaa ni kurejea kwake, na kati ya kujaa kumoja na kwingine hupita takribani saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo katika pwani ya Mombasa hupita mita 3, na kwa kuwa sehemu kubwa ya ufuo wa Diani haina mteremko mkali hadi kwenye mwamba wa matumbawe, bahari hujiondokea mbali na kumwachia mgeni vidimbwi. Yote haya huchapishwa katika majedwali mwaka mzima kabla. Bahari ilikuwa, kwa hiyo, ndiyo msafiri pekee mwenye ratiba ya kuaminika, nayo haikulingana na ya mtu yeyote. Baba, ambaye ni mhasibu, alikaa usiku wa kwanza akichora jedwali la kutafuta muda ambao maji yamejaa, jua si kali, mchanga amelala na kifungua mimba hajakasirika, akaupata, nao ulikuwa dakika 20 za siku ya Alhamisi, na Alhamisi hiyo mvua ilinyesha.

Basi saa 4 ya siku ya pili walikwenda kutazama vidimbwi, na huko wakakutana na kiti cha pweza. Hilo ni jina la mnyama wa bahari mwenye mikono mitano mfano wa nyota, jina zuri sana kwa mtu mzima, lakini ambalo mtoto wa miaka miwili na nusu, anayeyachukua maneno kama yalivyo, hulielewa kuwa taarifa ya mahali mtu anapoishi. Kifungua mimba aliuliza mwenyewe yuko wapi. Baba, badala ya kunyamaza, akajibu kwamba pweza amekwenda sokoni. Mtoto akachuchumaa kumngoja. Alingoja dakika 40, kwa subira ambayo hajawahi kuionyesha mbele ya chakula wala choo, huku maji yakianza kujaa, kwanza vifundoni mwa baba, kisha magotini, mpaka ikabidi abebwe kwa nguvu mbele ya wauza vinyago, watalii na ngamia wawili wa kupandwa, akilia kwamba pweza akirudi na kapu lake atakuta kiti kimezama. Mzee ndiye aliyeokoa siku, kwa kumweleza mtoto kwa utulivu kwamba pweza ameshapita hapo, akaaga, akaenda kulala kwa shangazi yake Msambweni. Maelezo hayo yalikubaliwa papo hapo. Jioni mpishi alileta pweza wa nazi, kifungua mimba akauliza hiki ni nini, na baba akasema ni kuku.

Tukirudi kwenye mchanga, wataalamu wa afya hushauri kwamba mtoto aliye chini ya miezi sita akingwe na jua kwa kivuli na mavazi badala ya mafuta, hivyo mafuta yote yakamwangukia kifungua mimba, ambaye alipakwa, akajigaragaza, akainuka akiwa tayari kwa kikaango kama samaki aliyekwisha kutiwa unga. Kigari, chenye magurudumu yaliyokusudiwa sakafu za maduka makubwa, kilizama hatua ya tatu, na kuanzia hapo kilitumika kuanikia leso, kile kitambaa ambacho Watanzania hukiita khanga na ambacho peke yake, katika vipande vyote 11, kilifanya kazi ya kitanda, taulo, pazia na hema bila kulalamika. Nepi nayo haikuwa na busara hiyo. Ndani ya nepi za kutupa mna chembe za polima, yaani dutu inayofyonza maji mara nyingi kuliko uzito wake, na ijapokuwa chumvi hupunguza uwezo huo, chembe hizo hazina njia ya kupambanua mkojo wa mtoto na Bahari ya Hindi.

Kisha kifungua mimba alikula mchanga, wala si kwa bahati mbaya, bali kwa kijiko. Baba aliona vyema kumtuliza mama kwa elimu. Alieleza kwamba sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe zenye matumbawe hutokana na pono, samaki anayeyang'ata matumbawe ili kupata mwani, akayasaga kwa meno ya kooni na kuyatoa kwa nyuma yakiwa mchanga safi, na kwa hiyo alichokula mtoto kilikuwa kimeshapikwa, kwa namna ya kusema. Mama aliomba asielimishwe tena hadi Nairobi. Ni pono huyo huyo ambaye Waswahili humtaja mtu anapolala fofofo, na hakuna aliyetajwa hivyo katika nyumba ile kwa siku zote sita.

Diani ina mbega, ambao hula majani na ambao wamefungiwa madaraja ya kamba juu ya barabara ili wavuke salama, na ina kima, ambao hula chochote na hawahitaji daraja. Siku ya nne kima mmoja aliingia jikoni, akauacha mkungu wa ndizi, akauchukua unga wa wimbi uliotoka Nairobi, akapanda nao juu ya makuti, akaupasua, akauonja, na kwa dharau iliyo wazi akaumwaga juu ya mama aliyekuwa akinyonyesha chini yake. Wakati wa kurudi, treni ikiikata Tsavo, mama alitangaza kwamba mdogo, ambaye mpaka hapo alikuwa mtoto wa pili tu, ndiye kitinda mimba, yaani wa mwisho, na baba hakutafuta jedwali la kupinga.

Mwezi Machi kitinda mimba huyo alianza kutambaa. Alitambaa hadi chini ya zulia la sebuleni, kilomita karibu 500 kutoka baharini, akakuta fungu dogo la mchanga mweupe, akauchota kwa kiganja na kuutia kinywani, na baba, aliyekuwa karibu, akaanza kueleza habari za pono.