Jinsi ya Kupata Ilhamu Kabla Mteja Hajafika

Mteja anakuja saa nne na karatasi yako bado nyeupe pee. Tulia, ndugu yangu. Mteja hajui wazo lilivyo. Anachojua ni sura ya mtu mwenye wazo. Sura hiyo inatengenezeka ndani ya saa moja, na muda wa chai unabaki.

1. Anza na vifaa. Nunua daftari jeusi la jalada gumu lenye kamba ya mpira, lile ambalo kwa bei yake ungepata shati. Usiandike kurasa za mwanzo. Anzia katikati, ili likifunguka mbele za watu lionekane limekutumikia siku nyingi. Mtu akikukumbusha kwamba Edward Saidi Tingatinga, pale Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alichora kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya hadibodi, na leo mtindo mzima wa uchoraji unaitwa kwa jina lake, badilisha mazungumzo haraka. Habari hizo zikimfikia mhasibu, daftari hulipati tena.

2. Jifunze hadithi tatu, na ujue pa kuzikatia. Ufundi wote uko hapa, kwa hiyo sogea karibu.

Mwaka 1998 benki ya Citicorp iliungana na kampuni ya Travelers, iliyojulikana kwa mwavuli wake mwekundu. Paula Scher, mbunifu wa New York, alichora nembo mpya kwenye tishu ya mezani, mkutano ukiwa wa kwanza tu: herufi t ndiyo mpini, tao jekundu juu yake ndio mwavuli. Simulia hadi hapo, kisha nyamaza. Usiiguse ile miaka zaidi ya ishirini aliyokuwa ameshakaa kazini akibuni majalada ya santuri na mabango ya tamthilia.

Ya pili ni ya mbunifu Milton Glaser, miaka ya 1970. Yuko ndani ya teksi, anatoa kipande cha bahasha, anachora kwa kalamu nyekundu: I, moyo, NY. Basi. Kwamba wateja walikuwa wameshakubali mchoro wake mwingine, naye akawarudia kuwaambia amepata bora zaidi, usiseme. Utamfundisha mteja kutarajia kazi hata baada ya kukubali. Na kwamba hakuchukua malipo, hata ukipigwa viboko usitamke.

Ya tatu ni tamu kuliko zote. David Ogilvy, mwandishi wa matangazo, mwaka 1958, tangazo la Rolls-Royce: gari likiwa maili 60 kwa saa, kelele kubwa kuliko zote humo ndani ni ya saa ya umeme. Mstari huo aliuokota kwenye makala ya jarida la magari. Umesikia? Aliuokota! Kata hapo hapo. Kwamba alikuwa amezama kwa wiki tatu akisoma habari za gari hilo, akaandika vichwa 26 ndipo akachagua, hayo ni mambo ya ndani ya familia.

Ukizisimulia zote kwa mpigo, mteja ataanza kukutazama mikono akisubiri uchukue tishu. Ichukue. Chora duara. Ikunje, itie mfukoni, useme, "Bado."

3. Maneno yakikwama, nenda Kariakoo, au ukiwa Mombasa shuka Mtaa wa Biashara, simama mbele ya duka la kanga usome. Usione haya, wanaume wengi husimama pale wakijifanya wanamsubiri mtu. Kila kanga ina pindo, ina mji, na chini ya mji ina jina, mstari mmoja tu. Mnunuzi anaweza kuiacha doti yenye rangi anazozipenda kwa sababu jina lake halimfikii jirani aliyekusudiwa. Mombasa, zikizungumzwa kanga za majina, Kaderdina Hajee Essak hakosi kutajwa, yule ambaye kanga zake zilichapwa "Mali ya Abdulla". Hebu fikiria: tangazo ambalo msomaji analilipia, analivaa, kisha analipitisha taratibu mlangoni kwa mgomvi wake. Wewe unalipwa kuandika matangazo ambayo watu huyafumbia macho.

Kwa hiyo nakili, uondoke. Ila pima kabla ya kupachika. "Japo sipati tamaa sikati" limekaa vizuri kiunoni. Libandike kwenye bango la idara ya mikopo ya benki uone litakavyosomwa na waliokwisha kunyimwa. "Hasidi hana sababu" wapelekee watu wa bima.

4. Na nafsi je? Siku hizi haitoshi kubuni, lazima uonekane unajikuza. Tangaza kwamba unaamka saa kumi alfajiri. Hakuna atakayekuwa macho kukukagua. Ukitaka uzito zaidi, mtaje Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Philadelphia, aliyejiwekea maadili 13 na kijitabu cha kutia nukta kila alipoteleza. La 13, unyenyekevu, aliliongeza baada ya rafiki yake kumwambia kwamba watu wanamwona ana majivuno. Baadaye akakiri kwamba hata angeyashinda majivuno yote, pengine angejivunia unyenyekevu wake. Wewe anzia na hilo la 13. Ndilo linalopendeza kwenye picha.

5. Saa nne imefika na karatasi haijabadilika. Vizuri sana. Iweke mezani kwa mikono miwili na uitaje Volkswagen. Katika tangazo moja la kampeni yao iliyoanza mwaka 1959 Marekani, walikiweka kigari kimoja kidogo pembeni, ukurasa karibu wote ukaachwa mtupu, na wabunifu wanalizungumzia tangazo hilo hadi leo. Wewe umewazidi: umeliondoa na gari. Kama mteja ana habari kwamba chini ya utupu ule kulikuwa na maelezo marefu yaliyoandikwa kwa uangalifu, mwambie maelezo yako yako kwa mpiga chapa.

Atakaa kimya, atainamisha kichwa upande, kisha atasema anaipenda, ila nembo ya kampuni ikuzwe kidogo. Shusha pumzi kama mtu aliyeumizwa. Halafu ikuze, na uiandikie ankara yake peke yake.