Kodi ya Kisu

Nina kovu kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, chini kidogo ya kidole gumba. Watu wakiniuliza nawaambia ni mambo ya kodi, nao hutikisa kichwa kwa huruma, kwani hakuna mhamiaji New York asiye na kisa chake na kodi. Wanadhani nasema kwa mafumbo.

Mambo yalianza duka la begeli lilipofunguliwa mtaani kwetu, Queens, kwenye fremu iliyokuwa ya dobi. Mimi nafanya zamu ya usiku, hushuka treni saa 12:30 asubuhi tumbo likinguruma. Miaka yote hiyo nilikuwa nikizipita begeli bila kuzisalimu. Nimelelewa Tanga kwa vitumbua na maandazi; kwangu mkate wenye tundu kubwa vile katikati ulikuwa mkate ulioibiwa. Lakini harufu ya siku ile ilinishika shati. Foleni ilishatoka hadi barabarani, nami nikajiunga, maana sisi foleni tunajiunga kwanza, inauza nini tutauliza baadaye.

Kupitia kioo niliona kazi yenyewe, na heshima ikaanza kuniingia. Unga uliokandwa ukakazana unaviringishwa, ncha zinaunganishwa, pete zinalazwa kwenye baridi usiku kucha. Asubuhi zinatumbukizwa kwenye sufuria kubwa la maji ya kimea yanayotokota, ndipo ziingie oveni. Mkate wa kuchemsha! Bibi yangu angemtoa mtu jikoni kwa mwiko. Ila ni maji hayo hayo yanayoipa begeli ngozi ile ngumu inayong'aa. (Ngozi hiyo uikumbuke, msomaji, ina kazi mbele.) Bango ukutani lilisema Wayahudi wa Kraków, Poland, waliitaja begeli katika kanuni za jumuiya yao mwaka 1610, na kwamba hapa New York waokaji wake walikuwa na chama chao cha wafanyakazi, nambari 338, kilichoulinda ufundi huo mpaka mashine za kuviringisha zilipowaingilia miaka ya 1960.

Nikajiambia, chakula cha Wayahudi, basi nguruwe hayumo. Nikatupa jicho kwenye bamba la kukaangia: beikoni imejipanga safu kama wanafunzi wa gwaride. Nikaazimia kuagiza kwa tahadhari.

Mbele yangu bibi kizee alitaja aina, idadi, na cha kupaka kwa pumzi moja, akalipa, akatoweka. Ikafika zamu yangu. Nikaanza nilivyofunzwa nyumbani: nikamwamkia muuzaji, nikamuuliza kaamkaje, nikampa pole na kazi. Akanitazama kama mtu aliyeombwa mkopo. Nyuma yangu foleni ikaguna. Kwa fedheha nikanyoosha kidole kwenye ile inayoitwa "kila kitu", yenye ufuta, kitunguu, kitunguu saumu, chumvi na mbegu ndogo nyeusi mfano wa habasoda. Akauliza kama anikatie. Nikasema kata.

Risiti ikaandika dola 2 na senti 18.

Bei ubaoni ilikuwa dola 2, na yule bibi nilimwona kwa macho yangu akilipa dola 2 kwa kila moja. Nikauliza, hizi 18 za nini? Kodi. Mbona yeye hakulipa? Hakukatiwa.

Nilidhani ananifanyia mzaha, kumbe ndiyo sheria ya jimbo. Begeli nzima ukiichukua ukaondoka nayo ni chakula kama unga au mchele, haitozwi. Ikipitiwa na kisu inahesabiwa chakula kilichoandaliwa, na kodi ya mauzo ya mji huu, asilimia 8.875, inaingia palepale. Ukipaka jibini, unatozwa. Ukiichoma, unatozwa. Hata ukiiacha nzima lakini ukaketi kuilia mle ndani, unatozwa. Wazee wetu walilipa kodi ya kibanda kwa Mjerumani na kodi ya kichwa kwa Mwingereza, wakanung'unika, lakini angalau kibanda kilikuwepo na kichwa kilikuwepo. Mimi nilikuwa natozwa mwanya.

Nikakataa. Nikamwambia airudishe, anipe nzima. Akaitazama ile iliyokatwa, akanitazama mimi, akatazama foleni, akaona heri anipe. Nikatoka na begeli yangu kifua mbele, nimeishinda serikali ya New York kwa senti 18.

Nyumbani tuna kisu kimoja, kile cha kukatia kuku. Nikaiweka begeli kwenye kiganja cha kushoto kama mtu anayepasua embe, nikaanza juu kushuka chini. Ngozi ikakataa. Nikakaza mkono. Ikakataa. Nikakaza kwa hasira za kodi, nayo ikakubali ghafla. Sasa, boflo la kawaida lina staha, hukizuia kisu mpaka mwisho. Begeli katikati haina kitu. Kisu kililipita lile tundu mbio, upande wa pili wala hakikubisha hodi, kikatua kiganjani.

Bwana ninayepanga naye, mtu wa Mombasa, alitoka usingizini kwa ukelele wangu akaikuta sakafu ina damu.

"Umechinja nini, ndugu yangu?"

"Begeli."

"Imekata roho?"

Zahanati nilifika mkono umefungwa kwa kikoi. Nesi alikuwa hajaniuliza hata jina, alitazama tu kitambaa kilipolowa, akasema, "Begeli?" Kumbe wanapokea wengi, hasa mwisho wa wiki. Nikashonwa nyuzi 3. Bili ilikuja kwa posta. Niliigawanya kwa senti 18 nikaona ningeweza kukatiwa begeli kila asubuhi mpaka mwanangu, ambaye yuko darasa la kwanza, aoe.

Niliporudi nilimkuta mwenzangu ameshaimaliza, yote, na chai ya maziwa. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema tamu, ila chumvi imezidi.

Basi nawe ukijaaliwa kufika huku na ukataka kukata mwenyewe, ilaze mezani, kiganja juu yake kimenyooka, kisu cha meno kiingie ubavuni polepole. Mimi nalipa senti 18.