Viatu vya Septemba

Mimi na Kariakoo ya Desemba hatuivi chungu kimoja. Ukiingia Mtaa wa Kongo wiki ya Krismasi, miguu inakuwa yako kwa jina tu. Uelekee wapi, wanaamua walio nyuma yako. Mwaka juzi nilikwenda kununua shati, nikajikuta nimesimamishwa mbele ya muuza masufuria. Nikanunua sufuria.

Mwaka jana nikasema hapana, safari hii mambo nitayafanya kisomi. Nikaenda Septemba. Mtaa umetulia, muuzaji anapiga miayo. Viatu vya binti yangu nikavipata kwa Sh15,000, na kiti cha kukalia nikapewa. Nikavificha juu ya kabati, nikawa natembea mle nyumbani kwa mwendo wa waziri wa fedha.

Tarehe 23 Desemba nikavishusha kwa mbwembwe. Mguu ukaingia nusu, ukagoma. Tukajaribu kijiko, tukajaribu mafuta ya nazi, wapi! Miezi mitatu mtoto amekula ugali wangu, wote kaupeleka miguuni.

“Baba Neema,” mama yake akasema taratibu, “si ungesubiri tu kama wenzio?”

Kesho yake nikashuka mwendokasi pale Gerezani, mimi na Dar es Salaam nzima. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sikuona kilichobadilika: mfuko kichwani, mkono mmoja umeshikilia simu, wa pili umeshikilia pochi, jasho linajitafutia njia lenyewe.

Viatu ni vilevile, ila namba mbili mbele. “Elfu thelathini na tano, mzee wangu. Kwa vile ni sikukuu, lete thelathini.” Yaani bei imepandishwa ghorofani ili ishuke ngazi mbili, halafu mimi nishukuru. Nikashukuru. Ukijumlisha na vile vya Septemba ni Sh45,000, kwa mtoto mwenye miguu miwili tu.

Mwaka huu nimeerevuka. Nimenunua Septemba tena, lakini namba tatu mbele. Jana tukavijaribisha. Mguu haujaongezeka hata nukta! Ugali wa mwaka huu sijui umeelekea wapi. Mtoto anatangulia, viatu vinamfuata.

Mama yake hakunena neno. Alichukua gazeti kuukuu, akalichana, akalifinyanga, akalisokomeza mbele kwenye vidole. Viatu vikakaa. Nikainama kuchungulia: ni ukurasa wa safu hii, ile niliyowashauri mnunue vitu vya sikukuu mapema.

Hatimaye imemfaa mtu.